Kapteni Mbaye Diagne darasani: dakika 80 zinatosha kufundisha moyo wa kujitoa?

#1 ChakiNyeupe
Salaam wadau. Nina kidato cha pili, wanafunzi 60, vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Mada ni maadili, kipengele cha kujitoa kwa ajili ya wengine. Mifano ya kwenye vitabu (kumsaidia bibi kuvuka barabara, kumwazima mwenzako kalamu) wanafunzi wanaijibu kwa mdomo tu, haiwagusi.

Nimemchagua Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa Kigali mwaka 1994. Hakuwa na silaha. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi alikuwa akiwapakia watu kwenye gari lake, watatu hadi watano kwa safari, na kuwavusha kwenye vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe kwa maneno, vichekesho, sigara na pesa kidogo. Alifariki tarehe 31 Mei 1994.

Dai langu ni hili: mwanajeshi asiye na bunduki anafundisha kujitoa vizuri kuliko shujaa yeyote wa mapigano. Naomba mnisaidie mambo mawili. Dakika 80 nizigawe vipi, na somo kama hili huwa linaharibikia wapi?

#2 Mzawa_wa_Ngara
Usianze na Mbaye. Ukianza naye, ndani ya dakika tano darasa limeshaamua kwamba huyo ni malaika na halina cha kujifunza kwake. Anza na hali ilivyokuwa.

Dakika 10: ramani ubaoni. Alama nne tu zinatosha: Hoteli des Mille Collines katikati ya mji, Nyamirambo upande wa kusini-magharibi, Uwanja wa Amahoro na makao makuu ya UNAMIR (kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda) upande wa mashariki, halafu uwanja wa ndege wa Kanombe mashariki zaidi.

Dakika 10: tarehe. 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana inaangushwa. 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana anauawa, na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wanauawa pia. 21 Aprili Baraza la Usalama, kwa azimio namba 912, linaamua kikosi cha UNAMIR kipunguzwe hadi watu 270. Mwanafunzi asipoijua tarehe hiyo ya tatu, hataelewa kwa nini kapteni mmoja mwenye gari moja alikuwa na uzito wowote.

Dakika 25: kadi za maamuzi. Makundi kumi ya watu sita, kila kundi kadi tatu, moja baada ya nyingine, na kila kadi ibebe yale tu yaliyojulikana saa ile. Kadi ya kwanza: watoto wa Waziri Mkuu wamejificha kwenye makazi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa jirani na nyumba yao. Ya pili: kuna watu 25 ndani ya nyumba moja Nyamirambo, na gari linachukua watano. Ya tatu: taratibu haziwaruhusu waangalizi kwenda kuokoa raia kwa hiari yao.

Dakika 20 za majadiliano, 15 za kuandika.

Swali la kadi lisiwe "ungefanya nini?" Ukiuliza hivyo utapata mashujaa 60. Uliza "nini kingekuzuia, na nani angelipa gharama?" Hapo ndipo watoto wanaanza kusema kweli: woga, mama aliyebaki nyumbani, kutowajua watu wale.

#3 Hesabu_na_Maadili
Kadi ya pili ya #2 ina somo lingine ndani yake. Waliosimulia tukio la Nyamirambo wanataja vizuizi 23 katika safari moja. Watu 25 kwa watanotano ni safari tano. 5 × 23 = 115. Mara 115 gari linasimamishwa likiwa na watu ambao wakitambuliwa wanauawa. Iandike ubaoni bila maelezo, kisha nyamaza kidogo.

#4 FundiRamani
#3, hesabu haijakamilika. Akishusha watano wa kwanza lazima arudi, na marudio ni manne kabla ya safari ya mwisho. 4 × 23 = 92. Jumla 207, na hapo sijaweka safari ya kwanza kabisa ya kwenda Nyamirambo.

Watoto wakadirie na matumizi. Tuseme sigara moja tu kwa kila kizuizi wakati amebeba watu: 115. Pakiti ina 20, kwa hiyo anahitaji pakiti sita kwa nyumba moja. Zinatoka wapi katika mji ambao maduka yamefungwa? Swali hilo linawatoa kwenye "alikuwa jasiri" na kuwapeleka kwenye "alijipangaje." Watoto wengi wanadhani kujitoa ni hisia inayokuja ghafla. Hapa wanaiona kama kazi yenye maandalizi, vifaa na uchovu.

Lingine: walinzi wa vizuizi ni walewale asubuhi na jioni. Mara ya kwanza kichekesho kinachekesha. Mara ya nne, je?

#5 NyarakaZaArusha
Naunga mkono hesabu, ila darasa liambiwe kwamba 25 na 23 ni namba za ushahidi wa watu waliokuwa karibu. Hakuna daftari la safari lililobaki. Kwa jumla ya waliookolewa ndiyo kabisa: wengine wanasema mamia, wengine wanakaribia elfu. Mbaye mwenyewe hakuwa na sababu ya kuhesabu, na kuandika majina ya watu unaowaficha ni hatari kwao. Mwalimu akiandika namba moja ubaoni kana kwamba imepimwa, amefundisha historia mbovu ili afundishe maadili mazuri.

Wapeni kesi ya kulinganisha: Desmond Doss, tabibu wa jeshi la Marekani asiyebeba silaha, Okinawa, Mei 1945. Jeshi lilikadiria aliteremsha majeruhi 100 kwenye lile genge la Maeda, yeye akasema hawazidi 50, wakaandika 75. Namba inayotajwa kila mahali ni maafikiano.

#6 Kibao_Kata
Mkuu #5, ukishika nyaraka muhula unaisha tukiwa bado kwenye utangulizi. Lakini hiyo ya 75 naichukua, asante.

#7 Bi_Mvita
Hamjagusa kiini bado: kwa nini alifanya? Watoto watauliza dakika ya kwanza, na mwalimu asiye na jibu atawapa neno "ujasiri," ambalo halielezi kitu.

Mbaye alizaliwa Coki mwaka 1958, mji wa Senegali unaojulikana kwa vyuo vya Qur'ani. Alikuwa Mwislamu mshika dini. Mtu aliyelelewa katika mazingira ambayo roho ya mtu mmoja inahesabiwa kama roho za watu wote, anapoona jirani anachinjwa hahitaji kikao. Fundisheni malezi. Kujitoa kunaanza miaka ishirini kabla ya siku yenyewe.

#8 Jembe_na_Kofia
Kwa heshima Bi Mvita, malezi hayo walikuwa nayo wengi waliokaa kimya. Tofauti niionayo ni kazi aliyoijua. Ofisa aliyetumikia Casamance kuanzia 1989 hadi 1993, eneo la Senegali lenye uasi, amekwishajifunza namna ya kuzungumza na mtu mwenye silaha aliye na hofu.

Mwangalizi yeyote wa kijeshi hufundishwa taratibu za kizuizini: punguza mwendo mapema, si ghafla, shusha kioo, mikono ionekane kwenye usukani, salimu wewe kwanza, mtafute mwenye amri na useme naye, usibishane na mlevi, usishuke bila kuambiwa, usiruhusu mazungumzo yahamie kwa abiria. Mbaye aliongeza ucheshi. Mwandishi wa BBC Mark Doyle amesimulia kizuizi kimoja ambapo walimshuku yeye Doyle kuwa Mbelgiji, na Wabelgiji siku zile walikuwa wakisakwa. Mbaye akadai kwamba Mbelgiji ni yeye, Mbelgiji mweusi. Wakacheka, gari likapita.

Angalia kilichofanyika pale: ameyavuta macho yao kutoka kwa abiria na kuyaleta kwake. Huo ni ufundi. Mwanafunzi anaweza kuambiwa "uwe na moyo" mwaka mzima, lakini bila ufundi moyo wake utamuua na abiria pia.

#9 Mwana_wa_Goma
Bonjour kwa wote. Ninyi wawili mnasahau kwamba alifika Rwanda mwaka 1993, kwanza na waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kisha wakaingizwa UNAMIR. Mauaji yalipoanza alikuwa amekwishajuana na maofisa wa pande zote, anasema Kifaransa kama wao, nyuso zinamfahamu. Dini yake na mafunzo yake vingekuwa haba kama angeteremka Kanombe mwezi wa tano akiwa mgeni.

Na hakuanza na watu mia. Alianza na watoto wa Waziri Mkuu, walioishia Mille Collines na baadaye wakatolewa nchini. Ukishamvusha wa kwanza, wa pili unamkataaje? Nadhani darasa lijifunze hatua ya kwanza ilivyo ndogo, si tendo zima lilivyo kubwa.

#10 ChakiNyeupe
Nashukuru sana. Sasa nina maelezo matatu: malezi ya dini, mafunzo ya kazi, na mahusiano pamoja na hatua ndogondogo. Nifundishe lipi?

#11 Mzawa_wa_Ngara
Yote matatu, na usiseme lipi ni sahihi. Karatasi moja, safu tatu, kila kundi litafute ushahidi wa safu moja. Lakini wapangie kwa kura. Ukiwaacha wachague, shule ya taasisi ya dini itajaa safu ya kwanza na safu nyingine mbili zitabaki tupu. Anayetetea asichokiamini husoma kwa makini zaidi.

#12 Simba_wa_Bilate
Nauliza: kwa nini twende Senegali wakati tuna historia ya KAR? Sajini Nigel Leakey, batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, batalioni ya Tanganyika hiyo. Colito, Uhabeshi, 19 Mei 1941. Kompani mbili zimeshavuka mto Bilate, Waitalia wanarudisha mashambulizi kwa vifaru. Leakey akaruka juu ya kifaru, akafungua mnara, akawapiga kwa bastola waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha akipeleke mafichoni. Mzinga ukakataa kufyatuka, akashuka, akawaendea wengine kwa miguu. Akapanda kifaru kingine, na hapo ndipo bunduki ya kifaru cha nyuma yake ilipomwangusha. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945. Hapo kuna kujitoa bila hesabu ya sigara.

#13 Bi_Mvita
Huo ni ushujaa wa vita, siubezi. Ila kijana wa miaka 15 atakumbuka bastola na kifaru. Mlango wa kutokea kwenye habari ile kuingia kwenye maisha yake uko wapi?

#14 NyarakaZaArusha
Mlango upo, na uko kwenye tamko lenyewe la nishani. Linasema aliwawinda vile vifaru akiwa pamoja na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Wanaume wanne, uwanja uleule, risasi zilezile. Jina ni moja; wale watatu hawatajwi. Wape wanafunzi sentensi hiyo, waulize: mtu anayejitoa akijua hakuna atakayeandika jina lake, anafanya kwa ajili ya nani? Kwa wanafunzi wa Tanzania swali hilo linauma, kwa sababu inawezekana kabisa wale watatu walitoka vijiji vyao.

Naona #12 ana hoja, ila kwa sababu tofauti na aliyoitoa.

#15 PwaniHistoria
Hatari kubwa ya mifano ya askari ni hadithi kuvimba. Angalieni John Simpson Kirkpatrick, mbeba majeruhi wa jeshi la Australia, na punda wake, Gallipoli (Uturuki) 1915. Ametumika kufundishia kujitoa katika shule za Australia kwa vizazi. Alitua 25 Aprili, akauawa 19 Mei, siku 24 tu. Wakampa majeruhi 300 aliowaokoa, namba isiyo na ushahidi. Mchoro maarufu wa "mtu na punda wake" ulichorwa kutokana na picha ya mtu mwingine, Richard Henderson wa New Zealand. Simpson alifanya kazi ya kweli, ya hatari, kila siku akipanda na kushuka bonde lile. Haikuhitaji kuongezwa chumvi. Mwanafunzi akija kugundua chumvi, anatupa na chakula.

#16 Kijana_wa_Zamani
Naomba kuongeza kwamba Mbaye aliuawa na Interahamwe baada ya kumchoka.

#17 NyarakaZaArusha
Hapana, ndugu #16. Alikuwa peke yake garini, akirudi makao makuu na ujumbe wa Jenerali Augustin Bizimungu, mkuu wa jeshi la serikali ya Rwanda, kwa Jenerali Dallaire, kamanda wa UNAMIR. Kombora la mota lililorushwa na waasi wa RPF kuelekea kizuizi cha serikali lilitua nyuma ya gari, vipande vikapita kwenye kioo cha nyuma. Hakulengwa yeye.

Wanafunzi hukosea hapa mara nyingi, kwa sababu wanataka afe akiwa amemkumbatia mtoto. Hakufa akiokoa mtu siku ile, alikuwa kazini. Kujitoa kwake kuko katika wiki nane za nyuma, kila asubuhi alipowasha gari. Ukiegemeza somo kwenye kifo, unawafundisha kwamba anayejitoa lazima afe, na wao, kwa haki kabisa, watakataa.

Kwa walio karibu na Arusha: Bizimungu huyohuyo alihukumiwa miaka 30 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mwaka 2011, rufaa ikathibitisha mwaka 2014. Somo la pili linaweza kuanzia hapo.

#18 Mwalimu_wa_Zamu
Nauliza kitu cha nidhamu. Mbaye alivuka taratibu. Kesho yake mwanafunzi anaruka uzio, ukimkamata anakujibu "Kapteni Mbaye naye alivunja amri." Unamjibu nini?

#19 Jembe_na_Kofia
Maswali matatu. Nani alibeba hatari ya kuvunja amri? Mbaye, si wenzake. Je, alimficha kamanda wake? Dallaire alijua na hakumzuia. Je, alinufaika yeye kwa kuivunja? Hakunufaika hata senti. Mruka uzio ayajibu yote matatu kwa maandishi, nusu ukurasa.

Lakini sikubaliani na wanaoficha sehemu hii ili kulinda nidhamu. Bila amri ile, uamuzi unabaki mwepesi mno.

#20 Mwana_wa_Goma
Tena msimfanye kuwa peke yake. Waghana chini ya Brigedia Henry Anyidoho walibaki Kigali wakati wengine wanaondolewa. Azimio lilisema 270, waliobaki walikuwa karibu 450. Mwanafunzi ambaye hana ucheshi wa Mbaye anaweza kujiona katika yule aliyesimama lindo usiku Amahoro, hakuhojiwa na mtu.

#21 Bi_Mvita
#20 umesema. Ingawa bado nasema, muulize aliyesimama lindo amelelewa wapi.

#22 Rusumo_Juu
Jambo ambalo hamjaligusa na linaweza kuliangusha somo: nani ameketi darasani. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kati yao kulikuwa na waliokimbia kuuawa na kulikuwa na walioua. Katika shule za Kagera na Kigoma kuna watoto ambao babu zao walikuwa upande huu au ule, na watoto wenyewe huenda hawajui.

Kwa hiyo: (a) usimwombe mtoto yeyote aseme ya familia yake, (b) usifanye igizo la kizuizi, hata kidogo, maana lazima mtu aigize muuaji na mwingine aigize anayewindwa, na vicheko vitatoka mahali pasipotakiwa, (c) hakuna picha za maiti, (d) sema "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi" na "Interahamwe", usiseme "Wahutu waliua", kwani walikuwapo Wahutu waliouawa kwa kukataa, na Waziri Mkuu Agathe mwenyewe ni mmoja wao.

#23 Kibao_Kata
Hiyo (b) iwekwe juu kabisa ya uzi. Kuna miongozo inayosambaa inayopendekeza igizo.

#24 Hesabu_na_Maadili
Tathmini je? Pendekezo: alama 20. Tano za ukweli wa kihistoria (tarehe, mahali, cheo, namna ya kifo). Tano za kueleza alichohatarisha. Tano za njia nyingine alizokuwa nazo na kwa nini hakuzifuata. Tano za kutetea safu yake kwa ushahidi. Sifuri ya "umejifunza nini moyoni," maana hapo wote wataandika unachotaka kusikia. Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike "sigara" yake, yaani kitu kidogo alicho nacho tayari kinachoweza kumfaa mtu mwingine wiki hii. Lugha anayoijua, baiskeli, njia ya mkato, kumfahamu mlinzi.

#25 Mwalimu_wa_Zamu
Kazi ya nyumbani ipewe alama basi, la sivyo hawataifanya.

#26 PwaniHistoria
Ukiipa alama umewalipa. Atakayetoa kwa ajili ya alama, alama zikiisha naye anaacha. Bora nusu ya darasa isifanye.

#27 Mwalimu_wa_Zamu
Nusu ya darasa la watu 60 ni watoto 30 ambao hawakujaribu hata mara moja. Mazoea nayo hujenga tabia. Nani kati yetu alianza kufagia darasa kwa hiari?

#28 ChakiNyeupe
Hapo #26 na #27 bado napima. Na nishani? Nilitaka kumalizia na azimio 2154 la tarehe 8 Mei 2014, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha nishani yenye jina la Mbaye, na familia yake kuipokea ya kwanza Mei 2016.

#29 NyarakaZaArusha
Usiimalizie hapo, ila usiifiche. Weka tarehe kwa mfuatano: kifo 1994, Senegali ikampa nishani ya taifa 2005, Rwanda ikampa nishani ya Umurinzi 2010, Umoja wa Mataifa 2014. Wanafunzi watoe wenyewe: miaka 11, 16, 20. Kisha waulize mjane na watoto wake wawili waliishi na nini katika miaka hiyo.

#30 Jembe_na_Kofia
Swali la mjane ni zito kuliko kadi zote tatu. Mtu anapojitoa, anatoa na cha wengine waliomtegemea. Je, alikuwa na haki? Nadhani ndiyo, lakini liachieni darasa.

#31 ChakiNyeupe
Nalihamishia kwenye zile dakika 20. Mwisho, hatuna projekta na umeme wa kubahatisha. Ramani niichore wakati wa kipindi au kabla?

#32 FundiRamani
Kabla. Manila mbili zigundishwe kwa upana, barabara kwa kalamu nyeusi nene, vituo vinne kwa nyekundu, maandishi yasipungue urefu wa vidole vitatu ili aliyeko nyuma asome. Vizuizi usivichore. Mpe kila kundi vipande vya karatasi wavibandike wenyewe kwa ugali mwepesi au gundi, 23 kati ya Nyamirambo na Amahoro. Tenga dakika sita kwa hilo, na uzitoe kwenye zile kumi za tarehe.

#33 Mzawa_wa_Ngara
Kwenye tarehe usikate, kata kwenye majadiliano.

#34 FundiRamani
Majadiliano yameshaongezewa mjane. Kata kwenye kuandika, wamalizie nyumbani.